Kabla ya mionzi: kwa nini mgonjwa hungojeshwa?

Familia nyingi hutuuliza: "Mama amekwishapigwa picha, mbona hajaanza mionzi?" Wengine huchoka, wakamrudisha mgonjwa nyumbani. Tunawasihi, msifanye hivyo.

Mionzi huua chembechembe za saratani, lakini yaweza pia kudhuru viungo vizima. Katika saratani ya shingo ya kizazi, kibofu kiko mbele na utumbo wa haja kubwa uko nyuma, karibu kabisa. Kwa hiyo mgonjwa hupigwa picha za CT, zinazoonyesha mwili kama mkate uliokatwa slesi nyembamba. Daktari huchora mpaka wa kila kiungo, picha baada ya picha. Kazi hiyo yaweza kuchukua saa kadhaa.

Siku hizi, katika baadhi ya hospitali, programu ya kompyuta iliyofundishwa kwa picha nyingi zilizochorwa na madaktari huchora mipaka hiyo kwa dakika chache. Hata hivyo hukosea, hasa pale uvimbe ulipobadili umbo la viungo. Ni lazima daktari akague na kusahihisha, ndipo mionzi ipangwe.

Familia isaidie hivi:

1. Mgonjwa afuate maagizo ya kunywa maji, ili kibofu kiwe kama siku ya picha. Kikibadilika, viungo husogea.

2. Alama zilizowekwa kwenye ngozi zisifutwe.

3. Ahudhurie kila siku aliyopangiwa.

Mkiona siku zinapita bila taarifa, muulizeni muuguzi. Msiondoke kimya.