Majani Yenye Harufu na Vidudu vya Ugonjwa

Chuma jani la mchaichai, ulivunje, ulisugue kati ya vidole vyako. Fanya vilevile na jani la mkaratusi, kisha na jani la kivumbasi. Sasa fumba macho, na mwenzako akupe majani hayo moja moja uyanuse. Utayataja yote matatu bila kukosea. Pua yako imekuambia. Lakini pua ilipata wapi habari? Jani halikuingia puani. Kitu fulani kilitoka katika jani, kikapanda hewani, kikafika kwako. Kitu hicho ni mafuta.

Pengine mtashangaa, kwa maana mafuta mnayoyajua ninyi ni mawese. Mafuta haya ni ya namna nyingine. Tia tone la mawese juu ya karatasi: doa litabaki hata mwezi mzima. Tia tone la mafuta ya mkaratusi: doa litaonekana, kisha litatoweka, na karatasi itakuwa safi tena, kwa sababu mafuta yote yameruka hewani. Basi tutayaita mafuta ya harufu. Inua jani la mkaratusi mbele ya jua, utaona vidoti vidogo vinavyong'aa ndani yake. Hivyo ni vifuko vya mafuta hayo.

Mmea una faida gani na mafuta ya harufu? Mbuzi akiona adui hukimbia, na mbwa huuma. Mmea hauna miguu wala meno. Unasimama pale ulipoota, na wadudu wanakuja kuutafuna, na ukungu unakuja kuuozesha. Mwenyezi Mungu aliupa silaha nyingine: ndani ya majani na maganda yake hutengenezwa vitu vikali, vichungu au vya kunuka, ambavyo adui hawavipendi. Vingine huwaua kabisa. Mmea haukuvitengeneza kwa ajili ya kikohozi chetu, lakini tangu zamani watu wamejaribu kuiazima silaha hiyo.

Kuyatoa mafuta hayo ni kazi ya moto na mvuke. Majani hujazwa katika pipa, na mvuke wa maji yanayochemka hupitishwa katikati yake. Mvuke huyachukua mafuta, hupita katika bomba lililozungukwa na maji baridi, hugeuka kuwa maji tena, na mafuta huelea juu yake. (Wale wapikao lutuku porini wanaijua njia hii vizuri kuliko ninavyopenda.) Yapatikanayo ni machache. Kilo 100 za mchaichai mbichi zaweza kutoa gramu 400 hivi za mafuta. Ikumbukeni hesabu hii, tutairudia.

Sasa tutazame adui mwenyewe. Vidudu vya ugonjwa, ambavyo kwa Kifaransa huitwa mikrobe, ni vidogo hata jicho halivioni bila mikroskopi. Viko katika udongo, katika maji machafu, katika usaha wa jipu, katika kinyesi. Kila kidudu kimefungwa ndani ya ngozi nyembamba mno. Ngozi hiyo ikitobolewa, yaliyo ndani humwagika, na kidudu hufa. Mafuta ya harufu hujipenyeza ndani ya ngozi hiyo na kuiharibu. Mara nyingi vidudu vya majipu hushindwa upesi kuliko vingi vya tumboni, kwa maana hivi vya tumboni vimevaa kama koti la pili juu ya ngozi yao.

Watu walijuaje haya? Si kwa kunusa tu. Mwaka 1887, mjini Paris, Charles Chamberland, aliyekuwa msaidizi wa mtaalamu mkubwa Louis Pasteur, alichukua mafuta ya mimea mingi yenye harufu akayajaribu moja moja juu ya vidudu vya kimeta, ugonjwa unaoua ng'ombe na watu pia. Mafuta ya mdalasini yalikuwa miongoni mwa yale yenye nguvu. Tangu siku hizo wataalamu wa nchi nyingi wamefanya majaribio ya namna hiyo, na katika Kongo pia mimea mingi ya dawa imechunguzwa.

Jaribio lenyewe ni rahisi kulielewa. Mtaalamu ana kisahani cha kioo chenye supu iliyogandishwa. Juu yake anapaka vidudu, navyo vitaota kama ukungu juu ya ugali wa juzi. Katikati anaweka kikaratasi cha duara kilicholowanishwa kwa mafuta ya mmea. Kisahani kinakaa usiku kucha mahali pa joto. Asubuhi vidudu vimejaa kila mahali, isipokuwa kukizunguka kile kikaratasi: pale pamebaki duara tupu. Mtaalamu anachukua rula, anapima duara kwa milimita, anaandika. Pembeni ameweka kikaratasi kingine kisicho na mafuta, na cha tatu chenye dawa ya hospitali, apate kulinganisha. Pasipo kulinganisha hajui kitu.

Hapa ndipo watu wengi wanaporuka mto kabla hawajaufikia. Wanasikia kwamba mafuta ya mchaichai yameua vidudu katika kisahani, nao wanasema: «Basi chai ya mchaichai inaponya ugonjwa wa tumbo, inaponya kidonda, inaponya homa.» Tufanye ile hesabu. Kilo 100 za majani hutoa gramu 400 za mafuta. Mama ametia gramu 20 za majani katika sufuria. Mafuta yaliyomo ni gramu 0,08, yaani matone machache. Sehemu yake imeruka pamoja na mvuke, ndiyo sababu jikoni pananukia. Yaliyobaki yanaingia tumboni, yanachanganyika na chakula, tena mwili wenyewe unayavunjavunja na kuyatoa. Katika kisahani, kidudu kilikutana na mafuta matupu, usiku kucha, bila mahali pa kukimbilia. Chai ya mchaichai ni kinywaji chema, nami nainywa. Lakini kikombe si kisahani.

Kitunguu saumu kinatufundisha jambo jingine. Kikiwa kizima hakinuki sana. Kiponde, na nyumba nzima itajua. Ndani ya kitunguu mna vitu viwili vilivyotengwa katika vyumba viwili. Ukikiponda kuta zinavunjika, vitu hivyo vinakutana, na papo hapo kinazaliwa kitu cha tatu, kikali sana. Mwaka 1944, katika Marekani, wataalamu wawili, Cavallito na Bailey, walikitenga kitu hicho na kukiita alisini. Alisini inaua vidudu vingi. Lakini haidumu. Ukikipika kitunguu inapotea, na ukikila kibichi inavunjika upesi mwilini. Tena ni kali hata kwetu: waliokifunga kitunguu saumu kilichopondwa juu ya ngozi kwa saa nyingi wameungua kama kwa moto. Silaha iuayo kidudu haimwulizi mwenye ngozi kama yeye ni rafiki.

Na mafuta ya mkaratusi vilevile. Ule mti ulitoka Australia, siku hizi uko karibu na kila misheni na kila shule, na mafuta yake hutiwa katika dawa za kujipaka kifuani. Lakini mtoto mdogo akiyameza, hata kijiko kimoja kidogo tu, anaweza kupatwa na degedege na kuzimia. Chupa yake iwekwe juu, mbali na watoto.

Sasa nataka msome polepole, kwa maana jambo hili linaua watu vijijini. Mtoto amejikata mguu kwa jembe. Bibi yake, anayempenda, anachuma majani yenye harufu, anayasaga juu ya jiwe la uani, anayaweka juu ya kidonda, anafunga kwa kitambaa. Pengine majani hayo yana mafuta yanayoua vidudu vya usaha. Bibi hakuota ndoto. Lakini jiwe lina udongo, na katika udongo, hasa pale mifugo inapopita, mna vidudu vya pepopunda. Hivi vina ujanja wao. Mambo yakiwa magumu hujifunga ndani ya ganda gumu kama mbegu, nao hungoja miaka. Hata maji yanayochemka ni shida kuliua ganda hilo, sembuse utomvu wa majani. Tena vidudu hivi havipendi hewa: vikizibwa ndani ya kidonda kirefu chini ya tope la majani, vimepata nyumba nzuri. Vinaamka, vinatoa sumu. Siku kadhaa baadaye taya la mtoto linakaza, hawezi kufungua kinywa, mgongo unapindika kama upinde. Wengi hufa.

Basi kidonda kioshwe kwa maji safi mengi na sabuni, kifunikwe kwa kitambaa safi, na mtoto apelekwe kituo cha afya ili mwuguzi aone kama amekwisha kuchanjwa pepopunda. Kitovu cha mtoto mchanga kisipakwe majani, wala majivu, wala mavi ya ng'ombe. Kiwe safi na kikavu, na kama mwuguzi ametoa dawa ya kukipaka, ni hiyo tu.

Je, tuyatupe majani ya bibi? Hapana. Kitabu cha Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, kinamsifu daktari, na papo hapo kinazisifu dawa zitokazo ardhini. Dawa kubwa zimetoka katika mimea. Hapo kale watu wa Ulaya waliokuwa na homa ya malaria walikunywa unga wa gamba la mti uliotoka milima ya Peru. Wajesuiti waliusambaza, hata ukaitwa unga wa Wajesuiti. Lakini gamba la mti mmoja lilikuwa kali, la mwingine hafifu, na mgonjwa hakujua amekunywa nini. Mwaka 1820 Pelletier na Caventou, huko Paris, waliitoa ndani ya gamba ile dawa yenyewe, kinini. Tangu hapo iliweza kupimwa kwa mizani: mtu mzima kiasi hiki, mtoto kiasi hiki. Katika karne ya 20 miti hiyo ilipandwa katika milima ya Kivu, na kinini ikatengenezwa Bukavu.

Hata karibu na siku zetu imekuwa hivyo. Katika China, bibi mmoja mtaalamu, Tu Youyou, alikuwa akitafuta dawa ya malaria katika mmea uitwao artemisia. Mara dawa ilifaa, mara haikufaa. Akasoma kitabu cha kale cha nchi yake, akaona kwamba wazee waliuloweka mmea katika maji baridi na kuukamua; hawakuuchemsha. Akafikiri kwamba moto ndio ulioiharibu dawa. Mwaka 1971 akaitoa kwa njia isiyo na joto kali, nayo ikafaulu. Mwaka 2015 akapewa tuzo ya Nobel. Wazee walijua, na mtaalamu akapima, walihitajiana. Lakini Shirika la Afya Duniani haliungi mkono chai ya artemisia kwa kutibu malaria, kwa sababu kipimo cha dawa katika chai hakijulikani. Dawa kidogo mno haiui vidudu vyote, na vile vinavyosalia huenda vikazoea. Mtoto mwenye homa kali apimwe damu siku ileile, apewe vidonge kamili.

Karafuu pia ilipita njia hiyohiyo. Watu wa zamani waliitafuna jino likiuma. Leo daktari wa meno huchanganya mafuta yake na unga mweupe wa zinki, akaziba nayo tundu la jino kwa muda. Yeye anajua ni tone ngapi, na mahali gani.

Jaribio la darasa. Tafuteni chupa tatu za kioo zenye vifuniko, na vipande vitatu vya mkate vilivyonyunyizwa maji kidogo. Katika chupa ya kwanza tieni mkate peke yake. Katika ya pili tieni mkate na, ndani ya kifuniko kidogo kando yake, punje moja ya kitunguu saumu nzima, isiyomenywa. Katika ya tatu fanyeni vilevile, lakini punje iwe imepondwa sasa hivi. Mkate usigusane na kitunguu. Fungeni, andikeni tarehe, tazameni kila asubuhi kwa siku saba. Msifungue wala kunusa. Ukungu ukisha kuota, chupa zizikwe au zioshwe na mwalimu.

Maswali. Ni katika chupa gani ukungu uliota kwanza, na siku ya ngapi? Kwa nini tuliweka chupa ya kwanza isiyo na kitunguu? Punje nzima na punje iliyopondwa zinatofautianaje? Ikiwa mama atatia gramu 50 za mchaichai katika sufuria, mna gramu ngapi za mafuta? Mwulize bibi yako au babu yako jina la jani moja analolitumia kwa kidonda, na namna anavyolitengeneza. Liandike katika daftari lako, pamoja na maji na jiwe alivyotumia.