Transfoma Mbili Sambamba: Maswali Yenu

Swali: Nina transfoma ya kVA 1000. Nikifunga ya kVA 315 sambamba nayo, si nitapata 1315?

Mmeuliza wengi, wa mashine za kukoboa mpunga, wa hoteli, wa viwanda vya barafu. Nawajibu kwa pamoja: hapana. Mzigo haugawanywi kwa ukubwa wa tangi. Unagawanywa na impidansi, ile asilimia iliyochapwa kwenye kibao ambacho mafundi wetu hukipaka rangi wakidhani wanaipendezesha transfoma. Yenye asilimia ndogo hubeba zaidi ya fungu lake.

Tuseme kubwa ina asilimia 6 na ndogo asilimia 4, viwango vya kawaida kabisa. Gawanya kVA ya kila moja kwa asilimia yake: kubwa unapata 167, ndogo 79. Mzigo hufuata uwiano huo. Ukipakia 1315, ndogo inabeba takriban 422, theluthi nzima juu ya uwezo wake, na kubwa haijafika hata asilimia 90. Ili ndogo isizidiwe, mzigo wote usipite 982. Yaani ulikuwa na 1000, ukanunua transfoma, ukalipa nyaya na fundi, sasa una pungufu ya ulichokuwa nacho!

Impidansi zisipishane zaidi ya sehemu ya kumi, na kubwa isiizidi ndogo zaidi ya mara 3. Fundi akikwambia "zitazoeana tu," mpe nauli aende zake.

Swali: Transfoma zangu mbili za kVA 500 zinafanana, asilimia 4 kila moja. Mbona amita inaonyesha zaidi ya ampea 200 wakati hakuna mashine inayofanya kazi?

Amita ni nzima. Tazama tepu. Zikipishana kwa asilimia 2.5, gawanya kwa 8, jumla ya impidansi zote mbili: unapata asilimia 31 ya mkondo kamili, karibu ampea 225 kwenye volti 400. Umeme huo unazunguka baina ya transfoma zenyewe na kupasha koili moto bure.

Swali: Moja ni Dyn11, nyingine Yyn0. Nikibadilisha fezi, zitafungika sambamba?

Hapana. Digrii 30 zinazotenganisha volti za hizo mbili haziondoki kwa kuhamisha waya.

Swali: Nimezima swichi ya kilovolti 11 ya transfoma moja. Kijana apande kuisafisha?

Asiguse! Ile nyingine bado inailisha kutoka upande wa volti 400, na hiyo uliyoizima inaupandisha umeme huo hadi volti 11,000 juu kwenye vikombe. Jenereta iliyofungwa ovyo hufanya vivyo hivyo. Zima pande zote mbili, tia kufuli, pima, kisha unganisha na ardhi. Anayeruka hatua moja kati ya hizo asipewe ngazi.

Swali: Breka za zamani zitafaa?

Soma kilichoandikwa juu yake. Transfoma moja ya kVA 500 yenye asilimia 4 hutoa takriban kiloampea 18 shoti ikitokea. Mbili sambamba, 36. Breka ya kiloampea 25 hapo itapasuka usoni mwa anayeiwasha.

Swali: Nitajuaje kwamba ni salama kufunga swichi ya kuziunganisha?

Unganisha nyutro, kisha weka voltimita kwenye swichi ikiwa bado wazi, fezi kwa fezi yenye jina lilelile. Isome sifuri, au karibu nayo, kwenye fezi zote tatu. Ikisoma vinginevyo, iache wazi umwite mhandisi mwenye leseni.