Jinsi Dawa ya Magugu Inavyoingia Katika Jani

Bila shaka umepata kuona ndago zikiota katika bustani za Upanga. Ukizing'oa, vijiazi vyake hubaki ardhini na kuchipua tena. Kwa sababu hiyo, baadhi ya watu hutumia dawa ya kuua magugu iitwayo glifosati, iliyoanza kuuzwa mwaka 1974. Dawa hiyo hunyunyizwa juu ya majani, kisha husafiri ndani ya mmea mpaka mizizini. Lakini mara nyingine magugu hayafi. Kwa nini?

Jaribio

Katika jaribio hili tumia maji tu. Usitumie dawa yoyote.

Vifaa: jani la nje la kabichi na jani la mchicha kutoka soko la Kariakoo, maji na sabuni.

1. Dondosha tone moja la maji juu ya kila jani. Tazama kwa makini.
2. Koroga sabuni kidogo katika maji. Dondosha tone la maji hayo mahali pakavu juu ya kabichi.

Umeona nini? Juu ya kabichi tone la kwanza lilisimama kama shanga, tena liliviringika ulipoinamisha jani. Juu ya mchicha lilitandaa zaidi. Tone la maji ya sabuni lilitandaa na kushika jani.

Maelezo

Jani limefunikwa na utando mwembamba wa nta unaozuia maji ya mmea yasipotee. Utando huo huzuia pia vitu vya nje visiingie. Dawa nyingi hupenya hapo, wala si katika matundu ya hewa. Kwa hiyo tone halina budi kushika jani, kutandaa, na kukaa bila kukauka upesi. Ndiyo maana dawa nyingi huchanganywa na kitu kinachofanya kazi kama sabuni.

Mambo yafuatayo huongeza au hupunguza dawa inayoingia:

(a) Umri: jani changa huwa na nta kidogo kuliko jani lililokomaa.
(b) Ukame: mmea uliokosa maji huwa na utando mgumu zaidi.
(c) Vumbi: wakati wa kiangazi vumbi la barabarani hufunika majani. Glifosati hushikamana na udongo, ikapoteza nguvu. Maji ya tope nayo huidhoofisha.
(d) Jua kali: tone hukauka kabla dawa haijapenya.
(e) Mvua: ikinyesha mapema, huosha dawa.

Tahadhari

Magugu yasipokufa, wengine huongeza dawa. Hilo ni kosa. Hupoteza fedha na kuchafua udongo na maji, hali sababu ilikuwa vumbi au mvua. Kumbuka kwamba ngozi yako pia yaweza kupitisha sumu. Usiguse dawa wala bomba lake, na usinywe maji katika chupa iliyokuwa na dawa.

Maswali

1. Kwa nini tone huviringika juu ya kabichi?
2. Sabuni ilibadilisha nini?
3. Jirani anataka kunyunyiza dawa saa saba mchana, na mawingu ya mvua yanakusanyika. Utamshauri nini? Toa sababu.