Dondoo muhimu: Kuagiza mtandaoni, jumla au rejareja?

Kwa mfanyabiashara wa Tunduma anayeagiza China:

- Unapima soko? AliExpress huuza hata kipande kimoja. Bei iko juu, lakini bidhaa isipotoka, hasara ni ndogo.
- Bidhaa inatoka? Nenda Alibaba. Uliza kiwango cha chini cha oda, omba sampuli, na lipia ndani ya mtandao huo, si pembeni.
- Piga hesabu hadi dukani: bei, meli, ushuru, VAT asilimia 18, kisha lori kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900.
- Linganisha na bei za Kariakoo, Dar es Salaam, na Nakonde, ng'ambo ya mpaka Zambia, kabla ya kulipa. Mzigo wa Nakonde upitishe forodha. Njia za panya hufilisi.