Kuuliza Wenyeji Mbele ya Kuweka Parki

Ndugu wanafunzi, katika somo hili tuangalie neno moja: kushauriana. Wengi wetu tunafikiri ni kuita watu, kuwasomea mpango, kuwapa fanta, kiisha kuandika majina yao. Ile si kushauriana, ni kutangaza.

Tufungue 1 Wafalme 21. Ahabu alikuwa mfalme mubaya, lakini alipotaka shamba la Naboti alianza kwa kumwuliza, akamwahidi shamba lingine ao feza. Naboti akakataa. Shida ilianza pale: katika nyumba ya mfalme hawakuvumilia mutu mudogo aseme hapana.

Sasa tuje kwetu Kivu. Parki ya Kahuzi-Biega iliwekwa mwaka 1970, hekta 60.000 hivi, juu ya kulinda gorila. Mwaka 1975 ikapanuliwa karibu mara kumi. Batwa walikuwa mu ile pori tangu mababu: nyama, asali, dawa, makaburi, vyote vilikuwa ndani. Wao hata lile ulizo la Ahabu hawakulipata. Walifukuzwa bila malipo, na wengi wangali pembeni ya parki bila udongo wao. Mwaka 2018 wamoja wakarudi ndani; Batwa wakafa, walinzi nao wakafa, na miti ikakatwa kwa makaa. Gorila alipata faida gani? (Hatusemi asilindwe. Gorila wa namna hii hapatikani inchi ingine.)

Tangazo la Umoja wa Mataifa la 2007, kipande cha 10, linakataza kuhamisha wenyeji kwa nguvu. Wakubali kwanza, kwa hiari, wakijua yote. Basi mpango uelezwe kwa luga yao, si kwa Kifaransa cha biro. Wamama waulizwe pia, maana wao njo wanatafuta kuni. Wapewe siku za kuongea wao kwa wao, na ile yote ifanyike wakati ramani ingali ya penseli.

Inchi yetu ilitoa sheria ya kulinda haki zao tarehe 15 Julai 2022. Mwaka 2024 ukatangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu: Serikali iwarudishie Batwa wa Kahuzi-Biega udongo, iwalipe, iwaombe musamaha.

Ulizo la kujibu kwa mistari kumi: kama Batwa wangeulizwa mwaka 1970, nao wakasema hapana, gorila angelindwa namna gani? Musiandike tu «kuelimisha watu».