Kwa Reli kutoka Zürich hadi Milano Majira ya Machipuko

Msafiri aliyeazimia kuiona milima ya Alps, naye hana nia ya kuikwea kwa miguu wala kuteleza thelujini, hatapata njia iliyo bora kuliko reli itokayo Chur, mji mkongwe kuliko yote ya Uswisi, ikapanda mabonde ya Graubünden na kuvuka mlango wa Bernina mpaka Tirano upande wa Italia, ambako treni nyingine humpokea na kumfikisha Milano. Majira yaifaayo safari hii, kwa rai yangu, ni machipuko, tangu mwisho wa Aprili hata mwanzo wa Juni, kwa kuwa katika mchana mmoja mtu huondoka penye miti iliyochanua, akapanda hata mahali ambapo ziwa lingali limeganda, kisha alasiri ile ile akateremka kwenye misitu ya miti ya chestnut na mashamba ya mizabibu. Na aifanye kutoka kaskazini kuja kusini, wala si kinyume chake, ili baridi itangulie na joto lifuate, na Milano, ambao ni mji wa haja nyingi, uje mwisho, wakati ambapo milima imekwisha kumtuliza.

Tadbiri ya kwanza ni ya viza. Uswisi si mwanachama wa Umoja wa Ulaya, walakini imo katika mapatano ya Schengen, kwa hiyo viza moja humtosha mgeni kwa nchi zote mbili, naye huruhusiwa kukaa siku zisizozidi 90 ndani ya kila siku 180. Maombi hupelekwa kwa ubalozi wa nchi atakayolala siku nyingi zaidi; ikiwa siku ni sawa, hupelekwa kwa ile atakayoingia kwanza. Hayapokewi ikiwa imebaki zaidi ya miezi 6 kabla ya safari, wala hayafai kucheleweshwa hata zikabaki pungufu ya siku 15, na lazima yaambatane na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Kwa hiyo asilipie hoteli zisizorudisha fedha kabla ya viza kugongwa katika pasipoti. Akumbuke pia kuchukua fedha za namna mbili, kwani faranga ndiyo fedha ya Uswisi, na euro ndiyo ya Italia, ingawa kadi ya benki hukubaliwa karibu kila mahali.

Katika kuchagua tarehe, yako mambo mawili yanayowaponza wageni wengi. La kwanza ni kwamba mwezi wa Aprili unapokwisha, na Mei karibu yote, hoteli nyingi za St. Moritz na magari ya kamba yapandayo vileleni hufungwa, maana wenyeji hupumzika baina ya msimu wa theluji na ule wa kiangazi. Treni hazisimami kamwe kwa sababu hiyo, illa mtu aliyetaraji kulala huko juu yamkini atakuta milango imefungwa. La pili ni sikukuu: Pasaka, Kupaa kwa Bwana na Pentekoste hujaza mabehewa, na huko Italia kuna tarehe 25 Aprili, 1 Mei na 2 Juni. Tena Milano huwa na maonyesho makubwa ya samani mwezi wa Aprili, na katika juma hilo kodi ya chumba hupanda kupita kiasi. Mwenye busara huliepuka.

Sasa nije kwenye tiketi, ambapo nina ushauri ulio kinyume cha yanavyosema matangazo mengi. Iko treni maarufu iitwayo Bernina Express, yenye mabehewa ya vioo vipana vinavyopinda hata darini, nayo hudai malipo ya kiti juu ya nauli, na katika siku za watu wengi viti hukamatwa mapema. Ni treni nzuri, sina neno la kuitia aibu. Lakini katika reli zile zile, kwa nauli ile ile bila nyongeza ya kiti, hupita treni za kawaida za wenyeji ambazo hazihitaji kukamata nafasi, nazo husimama kwenye stesheni ndogo ambako mtu aweza kushuka, akatembea saa moja ukingoni mwa mto, kisha akapanda ifuatayo. Tena baadhi ya madirisha yake hufunguka. Apendaye kupiga picha hataudhiwa na kivuli chake mwenyewe juu ya kioo, na apendaye kuvuta harufu ya misonobari iliyolowa maji ya theluji hatazuiwa. Mimi ningechagua hizi kila mara, na ningemsihi kila msafiri mwenye nafasi ya siku azichague.

Kwa wageni kutoka nje ya Uswisi kuna tiketi ya jumla iitwayo Swiss Travel Pass, ya siku 3, 4, 6, 8 au 15, nayo inafaa mpaka Tirano. Kutoka hapo mtu hununua tiketi ya Italia. Anayetaka kukaa siku chache tu apige hesabu, maana pengine kadi ya nusu nauli itamfaa zaidi. Ratiba za Uswisi zimepangwa tangu 1982 kwa namna ambayo treni iondokayo dakika fulani ya saa hii, aghalabu huondoka dakika ile ile ya saa ifuatayo, hivyo kukosa moja si msiba. Ila mtu aliyezoea hesabu yetu ya saa aangalie sana mbao za stesheni, ambazo huhesabu kuanzia usiku wa manane mpaka 24: 13:58 ni saa nane kasoro dakika mbili mchana, na treni ya 13:58 haingoji hata 13:59.

Kutoka Zürich mpaka Chur ni mwendo wa saa moja na robo hivi, na hapo mtu huhamia reli nyembamba ya kampuni ya Rhätische Bahn. Akae upande wa kulia, kwa maana upande huo ndio wenye mandhari bora kwa anayekwenda kusini. Baada ya Tiefencastel na kabla ya Filisur treni hupita juu ya daraja la Landwasser, la mawe, lenye matao sita na kimo cha mita 65, lililokamilika mwaka 1902. Nalo limepinda, ndipo msafiri aketiye nyuma anapoliona behewa la mbele likizama moja kwa moja katika handaki lililotobolewa kwenye ukuta wa jabali. Kisha kati ya Bergün na Preda reli hujizungusha ndani na nje ya mlima ipate kupanda zaidi ya mita 400, hata mnara wa kanisa la Bergün huonekana mara kushoto, mara kulia, na kila mara chini zaidi. Njia hii ya Albula, pamoja na ile ya Bernina, iliingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, na hapana aliyeipita atakayeuliza kwa nini.

Huko St. Moritz hubadilishwa treni, na hapo ndipo huanza njia ya Bernina yenyewe, iliyokamilika mwaka 1910. Upana wake ni mita moja, sawasawa na ule wa reli kongwe ya Mombasa na Kisumu na ile ya Dar es Salaam na Kigoma. Na msomaji wa Kenya ajue kwamba stesheni ya Timboroa, katika njia ya Nakuru na Eldoret, iliyo juu kupita mita 2,700, inaishinda kwa kimo stesheni ya Ospizio Bernina yenye mita 2,253. Ajabu ya Bernina haimo katika kimo, imo katika mwinamo na baridi: mahali pengine reli hupanda mita 7 katika kila mita 100, bila msaada wa reli ya meno, na gari hupita mwaka mzima, wakati wa baridi kati ya kuta za theluji. Upande wa kulia huonekana barafu ya Morteratsch, inayozidi kurudi nyuma mwaka hata mwaka, na juu yake kilele cha Piz Bernina, mita 4,049. Mbele kidogo kuna maziwa mawili yaliyo jirani: maji ya Lej Nair huenda kwa mto Inn na Danube mpaka Bahari Nyeusi, na maji ya Lago Bianco huteremkia mto Po na Bahari ya Adria. Mwezi wa Mei Lago Bianco aghalabu lingali jeupe kwa barafu, na mwangaza wake huumiza macho; miwani ya jua ni ya lazima, kadhalika nguo za kuvaliwa moja juu ya moja, zipate kuvuliwa kadiri treni inavyoteremka.

Na kuteremka kwenyewe ni kwa ghafula. Kutoka Alp Grüm, ambapo bonde lote huonekana chini, mtu hufika Poschiavo kwenye mita 1,014 kabla saa moja haijaisha. Nawanasihi wasafiri walale hapa, wala si St. Moritz: ni mji mdogo wenye uwanja wa mawe na nyumba za fakhari za zamani, wenyeji wake husema Kiitaliano ingawa ni Waswisi, na jioni hakuna kelele isipokuwa ya mto. Asubuhi yake, chini ya Brusio, treni huzunguka duara kamili juu ya daraja la wazi ili ipunguze kimo, kisha huingia Tirano kwa kupita katikati ya barabara, mbele ya kanisa la Madonna, magari yakiipisha. Stesheni mbili, ya Uswisi na ya Italia, ziko jirani. Pasipoti iwe mkononi.

Tiketi ya karatasi ya treni za mkoa huko Italia sharti igongwe mhuri katika mashine kabla ya kupanda, la sivyo kuna faini. Safari ya kwenda Milano ni saa mbili na nusu. Upande wa kulia ndio wa ziwa Como, na mwenye nafasi ashuke Varenna apande feri ya kwenda Bellagio. Migomo ya reli hutangazwa mapema, na katika siku za kazi treni za saa 6:00 hadi 9:00 na 18:00 hadi 21:00 hudhaminiwa na sheria.

Milano humlaki mgeni kwa stesheni yake kuu, iliyofunguliwa mwaka 1931, kubwa hata ikamwelemea mtu. Chini yake kuna Binario 21, mahali ambapo Mayahudi walipakiwa katika mabehewa ya kupelekwa kuuawa. Apatembelee, akae kimya apasome. Metro ya kijani na ya manjano zote hupita hapa. Kanisa la Duomo, lililoanzwa mwaka 1386, hutaka mabega na magoti yafunikwe, na roshani za juu yake ndizo zinazostahili fedha zaidi, apande asubuhi. Picha ya Karamu ya Mwisho ya Leonardo, huko Santa Maria delle Grazie, hutazamwa na kundi dogo kwa dakika 15 tu, na nafasi zake huisha majuma mengi kabla. Siku ya Jumatatu pamefungwa.

Kwa chakula, asiyekula nguruwe au asiyeonja mvinyo aulize wazi, kwa sababu wali wa Milano hupikwa mara nyingi kwa mvinyo mweupe na uboho wa ng'ombe. Migahawa ya Wahabeshi iko tele Porta Venezia, na maduka ya nyama halali yapo Via Padova. Katikati ya Mei jua huchwa karibu saa tatu usiku, basi wenye kuswali wapange Magharibi na Isha kwa hesabu hiyo.

Anayerudi kwa ndege kutoka Malpensa apande treni ya Malpensa Express stesheni kuu, kiasi cha saa moja, na kabla ya kushuka ahakikishe kama ndege yake iko Terminal 1 au 2, kwa kuwa treni husimama kote kuwili.