Kusoma uuguzi pamoja kwenye simu

Mwalimu wa uuguzi anajibu maswali ya wanafunzi na wazazi wa Likasi.

Mwalimu, darasa letu lina kundi la WhatsApp. Si ndiyo kusoma pamoja?

Bado, ikiwa mnatumiana silabasi tu. Linda Harasim, mtafiti wa Kanada aliyeanza kufundisha kwa mtandao miaka ya 1980, anataja hatua tatu: kila mmoja atoe wazo lake, mawazo yapimwe, kisha kundi lifikie jibu linaloweza kulitetea. Hiyo ya katikati ndiyo tunayoiruka.

Tupe mfano wa kazi yetu.

Mgonjwa ameandikiwa lita moja ya seramu kwa saa 8, na mpira wake hutoa matone 20 kwa mililita. Swali: afunguliwe matone mangapi kwa dakika? Mmoja anaandika 125, mwingine 42. Mwalimu asikimbilie kusahihisha. Aulize: tukifungua matone 125 kwa dakika, lita itakwisha lini? Watapiga hesabu na kukuta saa 2 na dakika 40. Hapo wataona wenyewe kwamba 125 ni mililita kwa saa, na matone ni 42 kwa dakika. Mgonjwa mwenye moyo dhaifu, maji yakimwingia kwa kasi ile, mapafu yanaweza kujaa. Mabishano hayo yana faida kuliko kurasa kumi za kunakili, lakini yanataka watu watano au sita. Kwenye kundi la watu mia, wawili huandika na wengine husoma tu.

Umeme unakatika, na mega ni ghali.

Basi acheni video za moja kwa moja. Andikeni, au tumeni sauti fupi. Swali litoke Jumatatu, majibu yapokelewe hadi Alhamisi, ili hata aliye zamu ya usiku achangie. Mkiwa na wenzenu wa Kinshasa, kumbukeni saa yenu iko mbele ya yao kwa saa moja.

Mwanangu atajifunza kuchoma sindano kwenye simu?

Hapana, mama. Mkono hufundishwa kwenye staji, mbele ya muuguzi mzoefu. Kenya walilizingatia hilo: mwaka 2005 shirika la afya la AMREF, pamoja na serikali na Baraza la Wauguzi, walianza kuwapandisha wauguzi wa cheti hadi diploma kwa masomo kupitia kompyuta, wakilenga watu 22,000. Wauguzi hao waliendelea na kazi, na mazoezi waliyafanya hospitalini. Natamani wauguzi wetu wa ngazi ya A2 wanaotafuta ngazi ya A1 wapate njia kama hiyo. Muuguzi akiacha kituo cha afya upande wa Kambove aje kukaa darasani, nani atabaki na wagonjwa?

Tunaweza kutuma picha ya mgonjwa tuijadili?

Msitume uso, jina wala fishi yake. Likasi watu wanajuana. Hata kutaja mtaa na ugonjwa kunaweza kumtambulisha. Andikeni "mwanamke wa miaka 30, homa siku tatu", kisha jadilini.